Maharagi katika Kopo la Solange

Niliyaona yote mwenyewe, kwa macho haya mawili. Anayebisha aje huku mjini Baraka, kando ya ziwa, aulize kibanda cha kuchaji simu cha Tonton Casimir, yaani mimi, kile chenye paneli mbili za jua, karibu na mahali bamama wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Ataonyeshwa mara moja. Ataambiwa pia kwamba mwenye kibanda ana sauti ya kusimamisha mtumbwi wa mota katikati ya ziwa, na hapo hatakuwa amedanganywa. Shule niliishia darasa la nne. La tano nililichungulia dirishani. Lakini habari hii sikuisoma popote wala sikusimuliwa. Kati ya kibanda changu na ateliye ya Solange, fundi wa kushona, kuna ukuta wa mbao, na ubao mmoja una tundu. Tundu hilo sikulitoboa mimi. Nililikuta.

Basi, jambo lenyewe lilianza na haragi moja lililoota.

Lazima nirudi nyuma kidogo ili unielewe. Solange alikaa kiziwi miaka kumi. Homa ya uti wa mgongo ilimkamata akiwa na mimba ya miezi minne. Yeye alipona, mimba ikakaa, masikio yakaenda na homa. Akamzaa binti, Chérie, akamnyonyesha, akamfundisha kutembea, na hakuwahi kumsikia hata akilia. Alikuwa akimwekea vidole kooni mtoto anaposema, anahisi maneno yanavyotetemeka chini ya ngozi, huku macho yake yakisoma midomo. Hivyo ndivyo mama na mtoto walivyoongea miaka yote.

Halafu dada yake, Aline, anayeishi Nairobi, akamwita huko. Madaktari wakampasua nyuma ya sikio la kuume, wakampandikizia waya mwembamba ndani kabisa, kule sikio linakozaliwa. Nje akavaa kifaa kidogo nyuma ya sikio, chenye kijiduara kinachonata kichwani kwa sumaku. Bila kile cha nje, cha ndani hakifanyi kazi: ukikivua, au ukitoa betri, hasikii hata radi ikipiga juu ya bati. Hilo lishike vizuri, maana ndilo lililotutia baridi sote.

Alivyorudi Baraka, batoto wa barabarani walimwita Mama Antene. Alicheka. Kucheka kulimfaa, kwa sababu kusikia hakuvaliwi kama kiatu. Siku za kwanza watu wote walisikika kama bata ndani ya pipa. Ilimbidi ajifunze upya: hii ni mvua, ile ni mafuta yanayokaanga, huu ni mlio wa sindano ya mashini inayotaka kuvunjika. Madame mmoja wa Nairobi, mwalimu wake wa kusikia, alimpa kazi ya nyumbani. Kila siku anaketi nusu saa na kopo tupu la maziwa na konzi ya maharagi. Chérie anakaa nyuma yake, amefunika mdomo kwa kipande cha kitenge, anatoa sauti moja moja: a, i, u, m, s, sh. Kila Solange akisikia, anadondosha haragi ndani ya kopo. Madame alimkazia amri moja: usichague. Ukisikia chochote, hata kidogo namna gani, jibu kwa haragi.

Nawe unajua sisi watu wa huku Fizi tunavyolelewa. Mtoto hajaota meno vizuri, tayari anaambiwa: ukisikia jina lako na hauoni mdomo uliolisema, nyamaza. Solange alifundishwa hivyo na mama yake, Mama Constance, kama sisi wote. Lakini miaka kumi hakuna aliyemwita akasikia. Fundisho la mama lilikauka, la Madame likakaa mahali pake.

Kilichobaki ni betri. Alikuja na mbili, moja ikafa. Ile nyingine ilikuwa inaisha saa sita ya mchana, kila siku, kwa hiyo saa sita aliniletea kibandani niichaji. Saa nzima Solange aliketi kwenye mashini yake kama zamani, ndani ya kimya, akishona uniformu za shule.

Siku jambo hili lilipoanza, miezi saba tangu aanze mazoezi, betri ilikuwa kwangu, inachaji. Nilichungulia kwenye tundu, si kwa ubaya, kupitisha wakati tu. Solange alikuwa anakanyaga mashini. Ghafla mguu ukasimama. Akainua kichwa, akakiinamisha upande mmoja, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili. Mkono wake wa kulia, peke yake, ukaenda kwenye bakuli la maharagi, ukachukua moja, ukalidondosha ndani ya kopo. *Ti.*

Ndani ya ateliye hapakuwa na mtu. Lakini harufu ilipenya mpaka upande wangu, harufu ya nyavu zilizolala siku nyingi chini ya matope, na bamama wa ndagala kule nje wakaacha kuongea wote kwa pamoja.

Alikuja kuchukua betri.

«Tonton, juu ya nini ulikuwa unaniita?»

«Mi? Sikukuita.» Nilisema polepole ili anisome midomo.

«Umeniita mara mbili. Sauti yako naijua, Baraka yote inaijua.»

«Mama Chérie,» nikamwambia, «betri yako iko hapa mukononi yangu.»

Akaiangalia betri. Nami nikaiangalia. Halafu akaichukua kama kitu cha moto, akaitia kwenye kifaa, akakibandika kichwani.

«Sema,» akaniambia.

«Nasema.»

«Tonton, usinicheke. Sema na nguvu.»

Nikapaza sauti, ile yangu yenyewe. Bamama wa ndagala wakageuka, mbuzi akaruka. Solange akamsikia mbuzi. Akawasikia bamama wakicheka. Mimi, niliyesimama hatua mbili mbele ya uso wake, hakunisikia.

«Midomo yako inatembea,» akanong'ona, «na hapo katikati iko tu kitundu.»

Kesho yake alifungua kopo. Lilikuwa kavu kama kiangazi, maharagi yote yamelala. Moja tu lilikuwa limeota, limetoa kimkia cheupe kirefu kama kidole cha mtoto mchanga.

Siku ya tatu, saa ileile, akasikia mume wake, Anatole, akimwita. Anatole ni fundi wa mota za mitumbwi. Saa hiyo alikuwa mbali, kule Nundu, mikono ndani ya mafuta. *Ti.* Aliporudi jioni alikuta mke wake akimtazama usoni akilia. Siku ya tano ikawa zamu ya Mama Constance. Nilimwona Solange kwa macho yangu: safari hii alijua, alijaribu kuuzuia mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, lakini miezi saba ya mazoezi haisikilizi mwenyewe. Mkono ulikwenda. *Ti.* Haragi la tatu likaota kabla ya jua kuzama, na sauti iliyomwimbia utotoni ikawa kitundu.

Nyumbani wakaketi kikao. Nami nilialikwa, maana jambo kama hilo haliwezekani bila mimi.

«Ile kintu iko na shetani,» alisema Mama Constance, kanga ameikaza kifuani. «Kichwa ya mwanangu, banaifungua, banatia waya! Sasa shetani amepata ngazi.»

«Tuitupe mu ziwa,» Anatole akasema. «Siku ya Alhamisi nitachukua mutumbwi, niende nayo mbali.»

Solange alisoma midomo yao wote wawili. «Anatole, miaka kumi nililea mutoto bila sauti. Hii miezi saba njo nimemusikia. Anakwaruza kidogo, kama vile jini inapasuka... » Akasimama hapo, akaona aibu ya neno lake. «Kama kitambaa ya jinzi inapasuka. Unataka niirudishe?»

Chérie alikuwa mlangoni. «Mama,» akauliza, «na mi, nitapotea?»

Solange alimsikia. Ilikuwa sauti pekee ya nyumba hiyo aliyoweza kuisikia bado. Alimvuta, akamkumbatia.

Alhamisi ilikuwa keshokutwa. Jumatano asubuhi akaja Mama Mukansanga kuchukua kanzu yake ya kanisa. Huyo ni mwanamke wa milimani, ng'ombe wake waliobaki wako upande wa Nundu, na watu wa dini zote humpelekea wagonjwa wanaosumbuliwa na vitu visivyo na jina. Hapigi ngoma. Anauliza maswali tu, halafu anaomba. Mama Constance alinivuta pembeni, maana watu wa ziwani na wa milimani hawaaminiani. «Wa kule juu? Sasa tumefika kule?» Lakini Solange alimwonyesha kopo.

Mukansanga hakuligusa. Alilinusa.

«Mwana wangu, miaka kumi nani alikuwa anakaa mu hii sikio?»

«Hakuna muntu, Mama. Ilikuwa kimya tu.»

«Kimya. Njo nyumba yake.» Akaketi chini kwenye marobota ya vitambaa. «Kuna majini inapenda fasi bila kelele. Alihamia humo, akalala muzuri, we haukujua. Kisha banganga bakatia waya, kelele ikaingia, mashini, mbuzi, ule Casimir...» Hapo alinitazama. «Akafukuzwa. Sasa anataka nyumba yake. Anatoa sauti moja moja, kama vile muntu anatoa viti ya mwingine inje, mupaka nyumba ibakie tupu. Ya mwisho ni ya mutoto. Ukiitwa nayo ukiitika, atafunga mulango, na we utabakia naye ndani.»

«Nitupe kifaa?»

«Ukiitupa, umemupa nyumba bule.»

«Basi nifanye nini? Mukono yangu hainisikilize!»

Mukansanga akasema kama mtu anayeongea juu ya zizi. «Ndama wa mwingine anaweza kulia sawa na wako. Ng'ombe hakimbilie sauti. Ananusa kwanza, kisha anatoa maziwa. We haunusi, lakini uko na vidole. Atakuita mara tatu kwa sauti ya mutoto. Usiitike na mudomo, usiitike na haragi, mupaka vidole vyako vikuambie. Akimaliza tatu bila jibu, choma yale yaliyoota.»

Alhamisi ilipambazuka na joto la kukaba. Kufika saa sita, ziwa lilikuwa jeusi upande wa rasi ya Ubwari na upepo ulikuwa umeanza kuinua mabati. Betri ilikuwa kwangu. Nikaweka jicho kwenye tundu, na ninakuambia kweli, sikutaka, shingo yangu ndiyo iliyotaka.

Solange hakuwa anashona. Alikaa katikati ya ateliye, amekalia mikono yake miwili. Nikaona bega lake likiruka. Ameitwa. Mimi sikusikia kitu. Lakini kwenye bakuli maharagi yalianza kutikisika, yakigongana taratibu kama meno. Alifunga macho, hakuitika. Hiyo ilikuwa nyepesi, kwa sababu bila betri alijua kwamba binadamu yeyote hawezi kumfikia pale.

Hiyo ni mara moja.

Mvua ikaanguka. Shule zilikuwa zimewaachia watoto, Chérie alikuwa njiani, na njia yake inapita kando ya maji. Solange akakimbilia kwangu, akaninyang'anya betri hata haijajaa, akabandika kifaa kichwani, akarudi ndani kumngojea mtoto. Na hapo ndipo nilipoelewa, na nywele zikanisimama, kwamba jini lilikuwa linangojea hilohilo, avae kifaa, ili asiwe tena na njia ya kutenganisha sauti ya nje na sauti ya ndani.

Ateliye ina milango miwili, wa mbele kwenye barabara na wa nyuma kwenye ziwa, na yote miwili ilikuwa wazi, na mvua ilikuwa inapiga bati kama kokoto, na ndani ya mvua hiyo ikaja sauti ya Chérie ikilia «Mama!», na Solange akasimama akageuka huku, akageuka kule, kwa sababu mtu mwenye kifaa sikio moja husikia lakini hajui sauti imetoka upande gani, kwake kila sauti hutokea palepale kichwani, na sauti ikalia tena, «Mama, maji! Mama, maji yananivuta!», na mkono wake wa kulia nikauona ukitembea juu ya meza kama mnyama mdogo asiye na macho, ukiyatafuta maharagi, ukayapata, ukashika moja, ukalinyanyua juu ya kopo, nami nikaweka mdomo kwenye tundu nikapiga kelele kwa nguvu zote alizonipa Mungu, «Solange, usiitike! Usiitike!», mpaka mbao zikatetemeka, halafu nikakumbuka kwamba katika Baraka nzima mimi ndiye mtu wa kwanza ambaye Solange hawezi kumsikia.

Haragi lilikuwa kati ya vidole viwili.

Akainua mkono wa kushoto, akang'oa kijiduara kichwani.

Baadaye alinieleza alichosikia. Kabla hajakivua kulikuwa na Chérie wawili wanaolia, sauti moja imelala juu ya nyingine, ndiyo maana alidhani ni moja. Alipokivua, mvua ikafa, upepo ukafa, Chérie mmoja akafa. Mwingine akaendelea. Ndani ya kimya kile, karibu kabisa, mwingine akaendelea kumwita Mama, bila haraka sasa, kwa upole.

Mara mbili.

Akatumia macho. Mlango wa mbele, Chérie amesimama, amelowa, uniformu imemganda, midomo inasema *Mama*. Mlango wa nyuma, Chérie amesimama, uniformu ileile, mkoba uleule, ametazama ziwa, mgongo kwetu, na mvua inamwangukia na haimloweshi. Kitambaa chake kilikuwa kikavu na kimepigwa pasi. Harufu ya matope ikajaa. Solange alitembea kwa magoti mpaka kwa yule aliyelowa, akanyoosha mkono wake, haragi bado limo, akaliachia lianguke sakafuni, akaweka vidole kooni pa mtoto.

Koo likatetemeka. *Mama, mama, mama.* Kama zamani.

Yule wa nyuma akaita mara ya tatu. Najua, kwa sababu Solange alijikunja kama aliyepigwa tumboni, lakini vidole havikutoka kooni pa mtoto wake, na mdomo wake ulibaki umefungwa. Halafu yule mkavu akageuka. Hakumtazama Solange wala Chérie. Alitazama ukuta, akalitafuta tundu, akaniona mimi. Mdomo wake ulikuwa umefunguka na ndani yake hamkuwa na kitu, ulimi wala koo, giza tu linalofika mbali. Akacheka bila kutoa sauti, akarudi nyuma hatua moja, akaingia ndani ya mvua kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Solange hakupoteza dakika. Pasi ya makaa ilikuwa mezani, imewaka. Akaifungua, akamimina maharagi yaliyoota juu ya makaa, akafunga kifuniko. Akabandika kijiduara kichwani. Wakati huohuo Anatole na Mama Constance waliingia mbio, mmoja akipiga kelele, mwingine akilia.

Haragi la kwanza likapasuka ndani ya pasi. «Mwanangu, mwanangu,» alikuwa anasema Mama Constance, na Solange akageuka kwake mdomo wazi.

La pili likapasuka. «Iko nini? Chérie iko wapi?» akasema Anatole.

«Usipige kelele,» Solange akamwambia, machozi yakimshuka. «Nakusikia.»

Anatole alisimama pale, mikono ya mafuta, akiwa amesahau alikuja kuchukua nini. Mtumbwi haukwenda mbali siku hiyo wala siku nyingine.

La tatu likapasuka, na sauti yangu ikamrudia, nene na nzuri kuliko zamani.

Sasa Solange anashona, anapokea simu, anaendelea na mazoezi yake na Chérie. Kitu kimoja tu kimebadilika: akisikia, hugeuka kwanza kumtazama mtoto, ndipo anadondosha haragi. Madame wa Nairobi, akimwangalia kwenye simu, analalamika kwamba anachungulia kama mwanafunzi mwizi. Solange anamjibu kwamba Madame hajakaa Baraka.

Nilisema niliyaona yote, na niliyaona. Isipokuwa haragi la tatu. Hilo nililitunga mimi, ili habari iishe vizuri. Yaliyopasuka ni mawili. La tatu walilitafuta kwenye makaa, ndani ya kopo, sakafuni, mpaka kwenye mlango wa nyuma, hawakuliona. Mpaka leo Solange ananisoma midomo. Anamsikia mbuzi wangu, anasikia kufuli langu, mimi hanisikii.

Ningevumilia. Lakini wiki iliyopita, saa sita, nilikuwa kibandani mdomo umejaa bugali na ndagala, Chérie akaja amelowa mpaka magoti.

«Tonton Casimir,» akasema, «juu ya nini unaniita kule mu maji?»

Kwa hiyo ukipita Baraka mchana, ukasikia sauti kubwa, nzuri, ya kusimamisha mtumbwi, inakuita kwa jina lako, usiitike. Njoo kwanza kibandani. Nitazame mdomo.